Kwa Nini Watoto wa Ng'ambo Walikuwa Wanafeli

Alfajiri, wakati bado giza, nilikuwa nasikia mlango wa bati wa jirani ukifunguliwa. Halafu nasikia maji yakimwagwa kwenye karai. Halafu sauti ya Ernestina:

"Jenipha! Fanya haraka, wenzako wameshateremka mtoni!"

Siku hizi mlango ule haufunguliwi saa hiyo. Kumekuwa kimya. Lakini mimi bado naamka. Nasali rozari yangu, nakaa kizingitini, na siku zile zinanirudia moja baada ya nyingine.

Kitongoji chetu kinaitwa Ng'ambo, kwa sababu kiko ng'ambo ya mto. Ni huku kwetu Bariadi, upande wa kwenda Sapiwi. Tunalima pamba, mtama, choroko na viazi. Tunafuga ng'ombe na mbuzi. Upande wa pili wa mto ni Senta. Huko kuna maduka, mashine ya kusaga, zahanati na sekondari yetu ya kata. Mto wenyewe ni wa mchanga. Masika maji yanashuka kwa kishindo. Kiangazi unabaki mchanga mtupu, na wanawake tunachimba visima humo.

Watoto wetu walikuwa wanakwenda shule kwa miguu. Wanavuka mchanga, wanapanda mlima, wanapita mashamba ya pamba, ndipo waione bendera ya shule. Wanaondoka gizani na kurudi gizani.

Jirani yangu Bundala ni mtu wa kazi. Yeye hakusoma. Utoto wake wote alichunga ng'ombe wa baba yake. Mkewe ni Ernestina. Jenipha alikuwa mtoto wao wa kwanza kufika sekondari. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kucheka. Akipita uani kwangu lazima anisalimie kwa Kisukuma, ananiita mayu, yaani mama.

"Mwangaluka, mayu!"

"Mwangaluka, ng'wana wane. Nenda na Mungu."

Mume wangu Nkwabi alikuwa ameshafariki. Watoto wangu walikuwa wamekwenda kutafuta maisha, mkubwa wao, Amoni, yuko Lamadi na biashara ya dagaa. Kwa hiyo salamu ya Jenipha ndiyo ilikuwa inanifungulia siku.

Sasa nieleze shida ilivyoanza.

Januari moja yalitoka matokeo ya kidato cha pili. Yakabandikwa ukutani pale shuleni. Watoto wa Senta wengi walikuwa wamepita. Watoto wa Ng'ambo walikuwa wamekaa chini kabisa, kama mashapo ya chai. Mwaka uliotangulia ilikuwa hivyohivyo. Watu wakaanza kutucheka. Ukienda dukani kwa Masunga kununua chumvi, anakuuliza:

"Nyie wa Ng'ambo, mnapeleka watoto shule au mnapeleka viatu kutembea?"

Unalipa chumvi yako, unaondoka.

Mwaka huo Jenipha alikuwa ameingia kidato cha pili. Mtihani wake ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Mwezi wa nane, siku moja asubuhi, alianguka mstarini wakati wenzake wanaimba wimbo wa taifa. Bundala akaitwa. Akamrudisha nyumbani kwa baiskeli, mtoto amelegea kama nguo mbichi.

Jioni ile Mzee Jilala alifika na wazee wenzake. Huyu ni baba mkubwa wa Bundala, na ndiye mkubwa wa ukoo wao. Mimi nilikuwa nimempelekea mgonjwa maziwa, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mimi nilisema zamani," Mzee Jilala alianza. "Pale shule ilipojengwa palikuwa kaya ya babu yetu Ng'washi. Pale ni itongo. Ni mahame ya mkubwa wetu. Waliingiza greda bila kupiga hodi. Hakuna aliyemwaga hata tone la pombe."

"Lakini mbona watoto wa Senta hawaanguki, baba?" Bundala aliuliza.

"Wale ni watoto wa watu wa kuja. Hawamhusu. Hawa wetu ni damu yake. Anawauliza, 'Mbona mnanikanyaga kichwani?' Ndiyo maana wanafeli. Sasa ameanza kuwaangusha."

Hakuna aliyecheka. Wazee wengi wa Ng'ambo walikuwa wanaamini hivyo. Walikubaliana kufanya tambiko. Kila kaya itoe mtama wa pombe, upelekwe kwa Mzee Jilala. Pia atafutwe kondoo mweusi.

Bundala akasema neno lililoniumiza.

"Sawa. Tutafanya tambiko. Halafu nitausubiri mtihani wa mwezi wa kumi na moja. Jenipha akifeli, basi. Wakisema arudie kidato, sitaki. Atakwenda Mwanhuzi kwa shangazi yake, akasaidie ng'ombe. Siwezi kumpeleka mtoto mahali ambapo babu yake mwenyewe anamkataa."

Nyuma ya jiko nilimkuta Jenipha amejikunyata.

"Mayu," alininong'oneza, "mimi sijakataliwa. Mimi huwa nasinzia tu."

"Unasinzia vipi?"

"Ikifika saa nne, maneno ya mwalimu yanakuwa mbali. Kama vile yeye yuko huko mtoni na mimi niko hapa. Naona mdomo unacheza tu."

Nilirudi kwangu nikapiga magoti. Sikumwomba Mungu amwoneshe Mzee Jilala kuwa ni mwongo. Mzee hakuwa mwongo, alikuwa anawapenda wajukuu wake. Nilimwomba Mungu atuoneshe kitu tusichokiona.

Kitu chenyewe nilioneshwa na mbuzi.

Kwa siku kadhaa nilikuwa nimeona jambo. Nikiwafungulia mbuzi asubuhi, hawaendi malishoni. Wanakimbia moja kwa moja mpaka vichaka vya kando ya mto, pale njia ya shule inapoteremkia. Wanagombana humo kwa pembe. Siku hiyo niliwafuata. Nikakuta wanatafuna vitu vyeupevyeupe. Nikainama. Ilikuwa michembe!

Anayetoka mbali na huku huenda hajui michembe. Ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikiwa vibichi, vikaanikwa juani mpaka vikakauka. Vinachemshwa ukitaka kula. Ndicho chakula chetu cha kiangazi. Mtu anakula na karanga au na maziwa, anashiba.

Nikachungulia kichaka hiki, nikaona mfuko. Kichaka kile, kitambaa. Kila kichaka kilikuwa na kifurushi. Kimoja kilikuwa kimefungwa kwa kipande cha kanga ya Ernestina. Ile kanga naijua, tulinunua pamoja mnadani.

Jioni nilimngoja Jenipha palepale.

"Mwanangu, hii kanga ni ya nani?"

Aliiangalia. Akacheka kidogo, kisha machozi yakamlengalenga.

"Mayu, usimwambie mama."

"Kumbe chakula cha mama yako ndicho kinanenepesha mbuzi wangu?"

"Tutafanyaje? Wale wa Senta wanatuita Michembe. Tukiingia darasani wanasema, 'Michembe wamefika, fungueni madirisha!' Wao wanakwenda nyumbani mchana, wanakula wanarudi. Wengine wana hela ya maandazi. Sisi tukifungua vifurushi, darasa zima linacheka."

"Kwa hiyo mchana unakula nini?"

"Maji ya bomba."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi tunawahi kuhesabiwa namba shuleni. Uji bado haujapikwa."

"Basi usiku unashiba."

"Usiku nikirudi nachota maji, napeta choroko, naosha vyombo. Ugali unaiva nimeshalala. Mama ananiamsha, nakula nusu usingizini."

Nilimtazama yule mtoto. Mifupa ya mabega ilikuwa inaonekana juu ya shati la shule. Nami siku zote nilikuwa nasema, amerefuka.

Jumapili baada ya misa nilimtafuta Mwalimu Wilhelmina. Alikuwa anafundisha Baiolojia, tena ndiye mwalimu wa malezi wa wasichana. Mtu wa Bukoba, lakini Kisukuma cha salamu alikuwa amekipata.

"Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu."

"Milele amina, Mama Amoni. Leo mbona uso una maneno?"

Nikamweleza yote. Kuanguka kwa Jenipha, tambiko, michembe, mbuzi. Aliposikia habari ya mbuzi alitaka kucheka, akajizuia. Akaniketisha kwenye benchi la nje.

"La kwanza," akasema, "mtoto akianguka apelekwe zahanati. Apimwe. Kuanguka kuna sababu nyingi, na mgonjwa hasubiri kikao. Alipimwa damu?"

"Bado."

"Kesho aende. La pili, mama yangu, kichwa nacho kinakula. Mtoto akikaa tangu usiku mpaka jioni bila kitu tumboni, nguvu ya kichwa inaisha. Anasinzia. Macho yanafifia. Anasikia lakini hashiki. Msichana aliyevunja ungo ndiyo zaidi, maana kila mwezi anapoteza damu. Anahitaji mboga za majani, kunde, choroko, dagaa, na nyama ikipatikana."

"Kwa hiyo si akili?"

"Mimi nawafundisha wote. Saa mbili asubuhi watoto wa Ng'ambo wananijibu vizuri kama wenzao. Saa sita wamelala juu ya madawati. Nilidhani ni uchovu wa njia tu. Hilo la kuficha chakula, wewe ndiye umenifumbua macho."

Hapo nikakumbuka shule yetu ya msingi, enzi zetu. Nilimaliza darasa la saba tu, lakini sikumbuki kulala darasani. Tulikuwa tunakula bulga, ile ngano ya msaada. Sufuria kubwa, moshi umetanda, mpishi ana mwiko mrefu kama kasia. Tunapanga foleni na vibakuli vyetu. Nkwabi alikuwa darasa moja mbele yangu. Alikuwa anamsaidia mpishi kukwangua sufuria ili apate ukoko. Halafu ananiletea nusu, amefunga kwenye karatasi, anajifanya amekosea njia. Nilimweleza mwalimu, tukacheka wote wawili.

"Sasa mwalimu, kwa nini hapa hakuna hata uji?"

"Ulikuwepo. Serikali ilipoondoa ada, wazazi wakasema hawachangii tena kitu chochote. Kweli ada ilifutwa. Lakini chakula cha shule ya kutwa kinategemea makubaliano yenu wazazi. Mkikaa mkakubaliana, kinapikwa. Msipokubaliana, hakuna. Nitamwomba mkuu wa shule aitishe kikao."

Jumatatu Ernestina alimpeleka Jenipha zahanati. Muuguzi alimpima, akasema damu imepungua. Akampa vidonge vya kuongeza damu na kumwambia ale mchana pia. Bundala alisikiliza, akasema, "Vizuri. Lakini tambiko lipo palepale." Mtama ulikuwa umeshakusanywa kwa Mzee Jilala, viroba vimepangwa ukutani.

Kikao kilikuwa siku ya Ijumaa. Watu walijaa darasani mpaka madirishani. Mzee Jilala alikaa mbele, kofia gotini. Mkuu wa shule alifungua kwa maneno machache, akamkaribisha Mwalimu Wilhelmina. Mwalimu hakuhutubia. Alitutoa nje, akawaita wanafunzi wa kidato cha pili.

"Wanaoishi Senta wasimame kulia. Wanaotoka Ng'ambo wasimame kushoto," alisema. "Wazazi wangu, sitaki kumwaibisha mtoto yeyote. Wanafunzi wote fumbeni macho. Haya. Aliyekula kitu chochote tangu alipoamka, anyooshe mkono."

Upande wa Senta mikono ilisimama kama mabua ya mtama. Upande wa Ng'ambo hakukuinuka mkono. Nilimwona Ernestina anaziba mdomo kwa kanga.

Halafu nyuma kabisa, upande wa Ng'ambo, mkono mmoja ulinyooka.

"Wewe Shija!" Mzee Jilala aliita kwa sauti. "Mkono wa nini huo?"

Shija alikuwa mjukuu wake, mtoto wa binti yake. Akafumbua jicho moja.

"Guku, si wamesema aliyekula?"

"Umekula wapi, na wewe ni wa Ng'ambo?"

"Mimi nakaa kwa shangazi siku za shule. Hapo nyuma ya mashine. Nimekunywa uji na kiazi. Mchana nitakwenda kula ugali."

Mwalimu Wilhelmina akasema taratibu, "Shija ndiye anayeongoza Hisabati darasani kwake."

Mzee Jilala alimtazama Shija. Akawatazama wale wengine, wajukuu wa ndugu zake, wamesimama wamefumba macho juani. Tulimwona anahesabu ukoo kichwani.

"Huyu Shija ni damu yangu," alisema mwishowe. "Ng'washi ni babu yake kama alivyo babu wa Jenipha. Anakanyaga ardhi ileile. Mbona yeye hamwangushi?"

"Labda Ng'washi anawapenda wanaokaa kwa mashangazi!" mtu mmoja alirusha neno. Watu wakaangua kicheko. Mzee mwenyewe akatabasamu kwa shida.

Lakini Bundala hakucheka. Alisimama, uso umekaza.

"Mwalimu. Kwa hiyo unawaambia watu hawa kwamba mimi namnyima mtoto wangu chakula?"

"Hapana, baba."

"Mimi nina ng'ombe! Nina ghala!"

"Baba Jenipha," Ernestina alisema, "mimi nilimfungia chakula kila siku."

Hapo Jenipha akafumbua macho. Nilitaka kumsemea, nikajizuia. Lilikuwa neno lake.

"Baba, mama alinifungia kweli. Mimi ndiye nilikuwa naficha kichakani."

"Unaficha? Kwa nini?"

"Wananicheka. Wanatuita Michembe."

Bundala akageukia Senta yote.

"Michembe? Mimi nimekua kwa michembe, na mikono yangu hii hapa! Nani anacheka michembe? Mtoto wa nani?"

Msichana mmoja wa Senta aliinamisha kichwa. Alikuwa binti wa Masunga mwenye duka. Ernestina akamwona, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka.

"Jamani, si wa Masunga! Baba yake ananunua michembe kwangu kila wiki. Anakula na karanga nyuma ya kaunta!"

Kicheko kilichotokea hapo sijakisikia tena. Masunga alijikuna kichwa. "Mama Jenipha, hiyo ilikuwa siri ya biashara," alisema. Halafu akamwita binti yake mbele ya watu. "Kuanzia leo chakula cha mtu usikicheke. Umesikia? Nyumbani kwetu tunakila."

Baada ya kicheko tukarudi kwenye jambo lenyewe. Baba mmoja wa Senta akasema, "Lakini serikali imesema elimu bure. Tusirudishiwe michango kwa mlango wa nyuma." Mkuu wa shule akaeleza kuwa ada haipo na haitarudi. Chakula ni makubaliano ya wazazi wenyewe, yanaandikwa na kijiji kinayajua. Asiye na kitu asidaiwe, na mtoto wake asirudishwe nyumbani. Atakula kama wenzake.

Bundala alikuwa bado amesimama. Akasema polepole, kama anaongea na nafsi yake:

"Mimi hata maksai siwezi kuwafunga plau hawajala. Nikiwalazimisha, watalala kwenye mtaro. Kumbe mwanangu nimemfunga plau bila majani."

Akakaa.

Ndipo Mzee Jilala akainuka. Watu wote walimgeukia, maana mtama wote wa tambiko ulikuwa kwake.

"Ng'washi mimi nilimkuta mzee sana," alisema. "Hakuwa anakula peke yake. Mtu akipita njia hii, awe Msukuma, awe mgeni, lazima aingie ale. Wake zake walikuwa wanalalamika. Leo watoto wanashinda kwake bila kula. Hiyo ndiyo aibu yetu kwake. Tambiko langu nitalifanya kwangu, kwa wakati wangu, na asiyetaka asije. Lakini ule mtama uletwe hapa. Upikwe uji, hapahapa kwake, watoto wanywe."

Mimi ni mtu wa kanisa, mambo ya tambiko siyashiriki. Lakini nilimshukuru Mungu kwa moyo wa mzee yule.

Kupika tulipanga kama tunavyofanya msibani. Msiba ukitokea kwetu hakuna anayeuliza nani alete nini. Kitongoji hiki kinaleta unga, hiki maji, hiki kuni. Tukasema shule nayo iwe hivyo. Mwenye mahindi alete mahindi. Mwenye choroko alete choroko. Ng'ambo tulikuwa na chakula, Senta walikuwa na sufuria na mashine ya kusaga. Akina mama tukaenda kwa zamu mpaka akapatikana mpishi wa kudumu. Saa nne uji wa mtama. Mchana makande ya mahindi na choroko. Wote foleni moja, wa Senta na wa Ng'ambo.

Zamu yangu ya kwanza nilikoroga uji huku naimba. Vijana wakaniambia, "Bibi, ongeza sukari, wimbo tumeshaupata!" Moshi uliniingia machoni. Nilijifuta kwa kanga, na nikamkumbuka Nkwabi.

Nyumbani kwa Bundala nako mambo yalibadilika. Usiku Ernestina alikuwa anapika uji na kuuweka kwenye chupa ya chai, ili Jenipha anywe kabla ya kutoka. Maji ya mtoni alipewa kaka yake. Yule kijana alinung'unika, "Maji ni kazi ya wasichana." Baba yake akamjibu, "Kwani wewe huyanywi?" Basi akaenda. Jioni Jenipha akapata saa ya kusoma. Nikipita uani naona taa yao, na kichwa chake kimeinamia daftari. Hakikuwa kimelala.

Lakini neno la Bundala lilikuwa bado lipo. Ernestina alimuuliza, "Mwanhuzi umeshaachana nayo?" Akasema, "Nimesema nitauangalia mtihani. Nitauangalia." Shangazi wa Mwanhuzi alikuwa ameshatuma salamu kwamba ameandaa mahali pa kulala. Ernestina hakuwa na raha. Nami kila asubuhi niliweka jina la Jenipha katika sala zangu.

Mtihani ulifika, ukapita. Jenipha alirudi siku ya mwisho akaniambia, "Mayu, sikusinzia hata mara moja." Mengine hakusema. Likizo ikaja, Krismasi ikapita, mvua zikanyesha, pamba ikapandwa.

Januari matokeo yalipobandikwa, Bundala hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe, nasi tukamfuata nyuma mimi na Ernestina. Tulimkuta amesimama ukutani. Kusoma hajui. Alimshika bega binti wa Masunga, aliyekuwa karibu.

"Nitafutie Jenipha Bundala."

Yule binti akaanza kutafuta chini, kama tulivyozoea wote. Akapanda. Akapanda tena.

"Yuko huku juu, baba."

"Juu wapi?"

"Huku. Amefaulu."

"Nioneshe kwa kidole."

Akaonesha. Bundala akaweka kidole chake kinene juu ya jina lile, akakiacha hapo. Watu wengine walikuwa wanataka kuona majina yao, wakasubiri.

Si watoto wote wa Ng'ambo walipita mwaka huo. Wapo waliorudia kidato, na wawili walikuwa wameshaacha shule kabla ya uji kuanza. Mwalimu Wilhelmina alituambia kazi bado ipo, hasa njia ndefu ya wasichana. Lakini hakuna tena aliyetuuliza habari ya viatu. Baadaye wazazi tulijenga bweni dogo la wasichana wa kidato cha nne, na tofali nyingi zilibebwa na mkokoteni wa Bundala. Mwalimu mwenyewe alihamishwa. Siku anaondoka wanawake wa Ng'ambo tulimsindikiza, tunaimba, tunalia. "Wabeja sana, mwalimu," tulimshukuru, na yeye akatujibu kwa Kisukuma kilekile cha salamu.

Jenipha alimaliza kidato cha nne akachaguliwa kwenda kidato cha tano, mkoa wa mbali. Asubuhi ya safari tulikwenda wote mpaka Senta. Bundala alikuwa amefunga tranka la chuma nyuma ya baiskeli, analisukuma mwenyewe, hataki msaada. Kijana wa basi aliuliza, "Mzee, humu kuna mawe?" Bundala akasema, "Kuna vitabu. Weka taratibu."

Jenipha alinikumbatia, akamkumbatia mama yake. Kwa baba yake alipiga goti kidogo, kama tulivyofundishwa sisi.

"Soma," Bundala alimwambia. "Na kula."

Basi likaondoka. Ernestina na mimi tukaanza kurudi. Kufika kwenye kona nikageuka nikaona Bundala bado amesimama katikati ya barabara, ameshika baiskeli tupu. Nikarudi.

"Baba Jenipha, basi limeshakwenda."

"Najua," alisema, hakunitazama. "Ngoja vumbi litue."